Wimbo Ulionilaza Mgongoni

Jumamosi, 2 Mei

Nimetoka shifti ya alfajiri uwanja wa ndege wa Heathrow, nikavua sare, nikampitia mwanangu Neema nyumbani Southall, tukawahi basi la 207 kwenda Acton. Kama kila Jumamosi. Yeye kapanda ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa, anapasha sauti mpaka abiria wanageuka. Mimi pembeni, nasinzia.

Ukumbi wa kanisa, kwenye mazoezi ya kwaya yake ya Kijapani, una baridi hata mwezi wa tano. Wazazi wa Kijapani wanavua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyewaagiza. Nami navua. Kila wiki najutia soksi zangu.

Kisha watoto wanaanza kuimba na mimi kwisha habari yangu. Sielewi neno hata moja. Naegemea ukuta, sauti zinakuja, zinakwenda, sijui tena niko Acton au wapi. Usingizi mtamu kuliko wote wa wiki naupata pale, nimekaa, koti magotini.

Leo Mwalimu Emi wa kwaya kaniamsha, kwa adabu zake zote, kunikumbusha. Neema anamaliza shule ya msingi Julai. Kwaya ni ya watoto wa msingi tu. Onyesho la Julai ndilo la mwisho kwake, na anayeondoka huacha wimbo. Nilijua siku itafika. Nilidhani bado.

Jumapili, 3 Mei

Naandika habari za kwaya hii ili nizielewe mwenyewe. Nimeziokoteza kwa Bi Fumiko, vipande vipande, kwenye chai ya mapumziko.

Bi Fumiko ndiye aliyeianzisha. Sasa ni mzee, anakuja mazoezini na mkongojo, anakaa kiti cha mbele na kufumba macho. Alifika London bado bibi harusi, kumfuata mume aliyeajiriwa na kampuni ya meli. Akazaa hapa. Siku moja akawaita wanawe waje kula, kwa Kijapani. Wakamjibu kwa Kiingereza. Akaita tena. Kiingereza tena. Anasema alikaa jikoni akalia mpaka wali ukaungua. Aliponisimulia nilicheka, halafu nikaweka kikombe chini. Mtoto wa namna hiyo namjua. Nimemzaa.

Basi akakusanya watoto wachache wa jirani sebuleni kwake, akawafundisha nyimbo za kwao. Kwenye mazungumzo mtoto atakukwepa, anasema, lakini kwenye wimbo hana pa kukimbilia. Sebule ikajaa. Wakahamia ukumbi wa kanisa. Ikaja miaka ya shibe, makampuni yakileta familia kwa familia, watoto wakipanga foleni kusubiri nafasi. Kisha makampuni yakapunguza watu. Kisha ugonjwa ule wa dunia nzima, wakawa wanaimba kwenye kompyuta, kila mtoto chumbani kwake, sauti zikifika kwa kupishana. Siku hizi hawajazi nusu ya ukumbi, na wengi ni machotara. Na yupo Neema wangu, asiye na tone la Ujapani. Alimfuata rafiki yake wa darasani, Aoi, siku moja tu kuangalia. Akaganda.

Tangu mwanzo kidonda cha kwaya hii ni kimoja: watoto wanaondoka. Baba anahamishwa, familia inarudi Japani. Wa kwanza kuondoka alilia mpaka akashindwa kuimba. Bi Fumiko akamwambia, haya, tuachie kitu. Akawaachia wimbo wa bibi yake wa kumenya maharage. Ikawa desturi. Kila anayeondoka anaacha wimbo wa bibi yake. Hauandikwi, unafundishwa kwa mdomo. Na siku ya onyesho mtoto anasimama mbele peke yake, anamsalimia bibi yake kwa lugha ya bibi, hata kama bibi yuko mbali, hata kama yuko kaburini. Hakuna anayetafsiri. Ndipo kwaya inaimba.

Kwa hiyo walicho nacho pale ni rundo la nyimbo za mabibi, wengi wao hawakuwahi kuiona London. Sasa ni zamu yetu.

Jumatano, 6 Mei

Nimemuuliza Neema ataacha wimbo gani. Alikuwa anakula chapati. Hakuinua hata kichwa.

"I don't have one, Mum."

Hana. Nikamwambia bibi anaye, yuko Ifakara, mzima wa afya. Akasema atachagua tu wimbo wa Kijapani, anazijua nyingi. Nikauliza na salamu je? Akainuka na sahani yake.

Najua sababu. Tulipokwenda likizo, binamu zake walimcheka. Kila akisema neno la Kiswahili wanalirudia kwa lafudhi yake, wanaanguka chini. Tangu hapo ananielewa kila kitu na kunijibu kwa Kiingereza kila kitu. Mtoto anaimba Kijapani mpaka Wajapani wanalia, na "shikamoo" inamkwama kooni. Nimeumia. Nasema kweli, nimeionea wivu nchi ya watu.

Jumamosi, 9 Mei

Nimempelekea Mwalimu Emi ombi la Neema. Kainamisha kichwa, kafikiri, kasema hapana kwa maneno mengi yaliyokuwa ndiyo ndiyo mpaka mwisho. Wimbo lazima uwe wa bibi. Kama hakuna, Neema atapewa maua, ataondoka bila wimbo. Haijapata kutokea, lakini haitakuwa aibu.

Itakuwa aibu kwangu. Watasema nini? Hawatasema kitu, wale hawasemi. Lakini mimi nitajua kwamba mwanangu alisimama mbele za watu akaonekana hana kwao.

Aoi naye anaondoka. Wanarudi kwa bibi yake, Niigata, nchi ya theluji na mpunga. Leo amewafundisha wenzake wimbo wa kuisihi theluji ipumzike kidogo. Mama yake alikuwa analia huku anatabasamu. Nimempa kitambaa.

Nimempigia Mama Ifakara. Hapatikani. Mwezi wa tano bado yuko shamba, huko hakuna mtandao. Hatarudi mjini mpaka mpunga uvunwe.

Jumamosi, 16 Mei

Umekuja!

Nilikuwa nimeegemea ukuta kama kawaida, watoto wanaimba ule wa theluji, taratibu, wanarudia, wanarudia. Nikawa si mimi. Nikawa mdogo sana. Shavu langu liko kwenye kitambaa chenye harufu ya moshi na jasho. Kuna joto. Kuna kijani, kisha njano, vinapanda na kushuka. Na sauti ya Mama haiingii masikioni, inapitia kifuani kwangu kutoka mgongoni kwake.

Nenda, nenda, vuka mto,
huku kuna mwenyewe.

Maneno mengine sikuyapata, lakini sauti yake ilikuja mpaka mwisho. Nimeamka na mate shavuni. Baba wa mtu alikuwa ananitazama. Sikujali. Mama alikuwa ananibembeleza. Usingizi unavuka mto na mimi nimo ndani yake. Wimbo mzuri namna hii nilikuwa nimeuweka wapi miaka yote hii?

Jumapili, 17 Mei

Nimemfundisha Neema. Kakubali kwa sababu hana njia nyingine. Sauti ameishika mara moja, mtoto huyu ana masikio. Palipokosa maneno anavumisha tu. Lakini uso wake mkavu, anaimba kama anayesoma bei za dukani. Kuhusu salamu kasema, "We'll see."

Nikiambiwa "tutaona" najua jibu lake.

Jumamosi, 30 Mei

Leo kwaya imeupokea. Mwalimu Emi ameuweka polepole, piano inadondoka chini yake kidogo kidogo, wadogo wanavumisha mstari wa mwisho midomo imefungwa. Ukumbi mzima ulipoa. Mama Aoi kalia tena, kitambaa changu sitakiona. Mtoto mdogo kuliko wote amelala kweli, wamemlaza juu ya makoti.

Nimevimba kichwa, nakiri. Nilitembea mpaka kituo cha basi kama mke wa balozi. Programu inakwenda kuchapishwa: wimbo wa kumbembeleza mtoto, kutoka Tanzania.

Neema leo hakupanda juu, kakaa nyuma ya dereva.

Alhamisi, 11 Juni

Mama amerudi mjini. Mpunga umeingia ghalani. Kanipigia mwenyewe kwa simu ya jirani, na mimi nikamtangulizia habari zote kabla hajamaliza salamu. Kwaya, Wajapani, desturi, Neema. Kisha nikamrushia sauti niliyorekodi ukumbini.

Nikasikia anavuta pumzi kwa kukatakata. Nikadhani analia.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, jirani akaja kumpiga mgongo. Mama yangu anacheka kwa nadra, na leo kacheka kwa mtaa mzima.

"We mtoto! Huo wa kumlaza nani? Huo wa kufukuzia ndege!"

Nikabisha. Nikamwambia nakumbuka, nilikuwa nalala. Akasema ulikuwa unalala, ndiyo, ulikuwa mgongoni. Mimi mama yako nilikuwa naamia, nalinda mpunga. Kutwa nzima nimesimama juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo shambani, napiga debe na kupayuka, kweleakwelea wamefunika anga, na wewe mgongoni unakoroma. Nilishangaa mtoto gani huyu. Kisha akanipa mistari iliyobaki:

Kala kashiba, kashika kombeo,
usingizi hana.

Kashika kombeo. Wajapani wa watu wanalia machozi kwa wimbo wa kuwatisha ndege kwa mawe.

Ijumaa, 12 Juni

Kazini nimekosea kila kitu. Nimepiga deki sehemu moja mara mbili.

Nimefikiri kunyamaza. Pale ukumbini Kiswahili hakijui mtu. Watoto wameshaushika, wazazi wameupenda, programu zimechapwa. Nani atadhurika? Mstari wa kombeo naweza kuuacha, waendelee kuvumisha. Na mtu akiniuliza, kweli nililala kwa wimbo ule. Si uongo.

Lakini si kweli pia. Wenzao wameacha nyimbo za bibi zao zenyewe. Mimi nitakuwa nimemwachia Neema ndoto yangu, na bibi yake wa kweli kabaki shambani anapayuka peke yake. Nimelala mchana bila kuota kitu.

Jumapili, 14 Juni

Nimemwambia Neema ukweli. Nilitarajia hasira, maana nilimlazimisha. Kaniangalia.

"So it's not a baby song? It's, like, get off my land?"

Nikasema ndiyo, tokeni shambani kwangu, hivyo hasa. Akauliza, na kombeo je, kombeo ni nini? Nikamwonyesha kwa mkanda wa gauni la kuogea, nikauzungusha juu ya kichwa, nikaangusha saa ya ukutani. Kacheka mpaka kaanguka kwenye kochi. Kwa wimbo huu sikuwahi kumwona hata akitabasamu.

Kisha akaniomba simu. Yeye. Akampigia Bibi yake. Nilikuwa nataka kumsaidia maneno, kanipungia mkono nikae mbali. "Bibi... shikamoo. Ndege... unafukuza... vipi?" Nikasubiri kicheko kutoka upande wa pili. Mama hakucheka. Alimwambia, shika simu mbali na sikio, mjukuu wangu. Halafu akapayuka.

Mama Jasbir, mwenye nyumba wetu wa chini, kagonga dari kwa ufagio. Baadaye kapanda kuuliza kuna nini. Amezaliwa Kisumu, Kiswahili chake hakijafa. Nilipomweleza kakaa kitako kacheka, kisha kateremka, karudi na madebe matatu matupu ya samli. "Chukua yote, Mama Neema. Lakini rudisha, mimi napanda dhania ndani."

Jumamosi, 20 Juni

Siku ngumu. Nimesimama mbele ya ukumbi, soksi zangu na yote, nikasema ukweli kwa Kiingereza changu. Si wimbo wa kulaza mtoto. Ni wa kufukuza ndege. Nilikosea kwa sababu nilikuwa mgongoni.

Mwalimu Emi alishika programu, akaiangalia, akaikunja. Baba mmoja aliuliza kwa upole kama haingewezekana kuuacha ulivyo, maana ni mzuri sana. Wadogo wakaanza kunung'unika, wanautaka ule wa polepole. Nilitamani sakafu inimeze.

Bi Fumiko alifumbua macho. Akauliza, ndege gani? Shomoro? Nikasema wadogo kama hao, lakini wengi, wakija jua linafifia. Akauliza wanakula nini. Mpunga. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasimulia kwamba kwao alikozaliwa, mwaka mpya ukiingia, theluji imefika kiunoni, watoto walikuwa wanapita kijijini wakigonganisha vijiti na kuimba kuwafukuza ndege kwenye mashamba ambayo hayajapandwa bado. Alikuwa na vidole vimeganda, anasema, na furaha kuliko siku zote. Akasema pia marehemu mumewe alilala katika kila onyesho la kwaya hii. Kwa wimbo huu asingelala.

Watu wakacheka. Lakini uamuzi haukutoka hapo. Mwalimu Emi alimgeukia Neema. Wimbo ni wako, akamwambia, wewe unasemaje?

Neema akavuta mikono ya sweta. Akasema uimbwe mara mbili. Kwanza polepole, hivyo ndivyo Mama alivyousikia. Kisha kwa kelele, hivyo ndivyo Bibi alivyouimba. Kasema kwa Kiingereza, sauti ndogo, anaangalia vidole vya miguu. Nimetoka nje kusimama karibu na mapipa ya taka. Nimelia pale vizuri, hakuna aliyeniona.

Jumatano, 8 Julai

Salamu bado. Hataki nimfundishe, hataki nimsikilize. Anafunga mlango. Kila nikipita namsikia anaongea mwenyewe, nikisimama ananyamaza. Ninaogopa. Akikwama mbele ya watu, hatakifungulia Kiswahili mdomo tena maishani, na mimi ndiye niliyemsukuma. Mwanangu, hata ukisema "shikamoo" tu ukakaa, yatosha.

Jumamosi, 11 Julai

Ukumbi ulijaa. Waliokuwa watoto wa kwaya zamani wamekuja, watu wazima na tai zao, wengine na watoto wao. Mama Jasbir alikaa pembeni yangu, amevaa salwari ya zambarau, anauliza kila wimbo kama sasa ndio wetu.

Aoi alianza. Akamsalimia bibi yake wa Niigata, theluji ikaimbwa, mama yake akaharibu kitambaa kingine.

Kisha Neema. Peke yake mbele. Akaangalia vidole vya miguu. Mikono imeingia ndani ya mikono ya sweta. Nikajua imekwisha.

"Shikamoo, Bibi. Mimi ni Neema, wa London. Mpunga umeingia, najua. Hawa rafiki zangu. Watakusaidia kulinda." Akapumua. "Ndege, ole wenu."

Mama Jasbir akapiga kelele peke yake katika ukumbi mzima. Hakuna mwingine aliyeelewa, na hakuna aliyetafsiri.

Wakaimba polepole kwanza. Niliingia mle mle, kwenye moshi na joto, kijani na njano, miguu yangu inaning'inia. Nilitaka wasimalize. Kisha debe likapigwa, watoto wote wakapayuka, "Kashika kombeo!", mtoto mdogo kuliko wote akiruka juu kwa juu, na ndani ya kelele zile nikamsikia Mama alivyokuwa siku ile, kijana kuliko mimi sasa, amechoka, miguu imemvimba, hajalala, na mtoto mgongoni. Miaka yote nilimkumbuka ananibembeleza. Kumbe alikuwa kazini.

Nimejisikia vibaya na vizuri kwa pamoja.

Jumamosi, 18 Julai

Hakuna mazoezi. Nimelala kitandani mchana kweupe, usingizi haukuja. Neema kasema nijaribu kukaa kwenye kiti.

Jumapili, 6 Septemba

Mvua nyembamba. Nimepumzika leo.

Mama Aoi ametuma video kutoka Niigata. Shamba la mpunga, la njano mpaka milimani. Bibi kafunga kitambaa kichwani, anaonekana kwa mgongo. Aoi amesimama tutani na mfuniko wa sufuria na mwiko. Shomoro wametua. Anagonga na kupayuka, "Nenda, nenda, vuka muto!" Wanaruka wote kwa pamoja, wanageuka mara moja hewani, wanapotelea kwa jirani.

Neema aliitazama mara nyingi, ameegemea bega langu. Akasema, "Siyo muto," akaendelea kutazama.

Nimemrushia Mama. Nilingoja aseme kitu kuhusu wimbo, kuhusu Japani, kuhusu mtoto yule. Amejibu jioni, kwa simu ya jirani.

Ameuliza huo mpunga ni wa nani. Kasema umeshaiva, waambieni wavune.